Kinundu cha thairoidi kisicho saratani: mwongozo wa kujiandaa kwa tiba ya mawimbi ya sauti

Katika chumba cha altrasaundi ninamofanya kazi hapa Mwanza, haipiti wiki bila kuulizwa maswali yaleyale na watu wenye uvimbe shingoni. Je, ni kweli ipo mashine inayochoma goita bila kisu? Inauma? Nikitoka hapo, uvimbe utakuwa umekwisha? Mara nyingi swali huja pamoja na simu iliyonyooshwa usoni mwangu, ikiwa na video fupi iliyotumwa na ndugu aliye nje ya nchi. Nimeandika mwongozo huu ili nisiendelee kujibu nusunusu huku foleni ikinisubiri mlangoni.

Unakuhusu wewe ambaye umeshaambiwa una kinundu, yaani uvimbe mmoja unaojitenga ndani ya tezi ya thairoidi iliyo mbele ya shingo, na unafikiria tiba ya mawimbi ya sauti yaliyokusanywa. Haumhusu mtu ambaye shingo imevimba ghafla kwa siku chache, anayepumua kwa shida, au ambaye sauti imekwaruza kwa zaidi ya wiki tatu. Huyo aende hospitali leo, mwongozo atausoma baadaye.

Jambo moja litangulie mengine yote: tiba hii haitoi kitu chochote mwilini. Kinundu hubaki palepale kikiwa kimeunguzwa kwa ndani, kisha mwili hukiondoa kidogokidogo kwa muda wa miezi. Kwa kuwa hakuna nyama inayotolewa na kupelekwa maabara, kama inavyofanyika baada ya upasuaji, kila swali kuhusu saratani lazima liwe limejibiwa kabla mashine haijawashwa. Ndiyo maana sehemu kubwa ya maandalizi ni kazi ya faili, na faili hilo ni lako.

Inavyofanya kazi, kwa ufupi

Mawimbi haya ni ndugu wa yale yanayotumika kumpima mjamzito, ila kichwa cha mashine huyaelekeza yote yakutane mahali padogo ndani ya kinundu. Yanapopita kwenye ngozi bado yametawanyika, kwa hiyo hayaichomi. Yanapokutana, joto hupanda hadi kuzidi nyuzi 60 za Selsiasi na chembe hai za mahali hapo hufa. Wazee wavuvi wa Igombe huwa nawatajia kokoro, ule wavu wa kukokotwa, ingawa sheria imelipiga marufuku: kamba mbili huvutwa kutoka sehemu mbalimbali za ufukwe, lakini samaki wote huishia kwenye mfuko mmoja. Ripoti ya kwanza ya tiba hii kwa vinundu vya thairoidi vya binadamu ilichapishwa na madaktari wa Ufaransa mwaka 2011, na baadaye zikafuata nyingine, hasa kutoka Bulgaria na Hong Kong.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Majibu ya karibuni ya kipimo cha damu cha TSH, homoni inayoiamuru tezi ya thairoidi ifanye kazi.
- Ripoti ya altrasaundi ya shingo yenye vipimo vitatu vya kila kinundu, pamoja na picha zenyewe, zilizochapishwa au kuwekwa kwenye diski. Ripoti isiyo na picha ni nusu ya ripoti.
- Majibu ya kipimo cha kunyonya chembe kwa sindano nyembamba, ambacho madaktari hukiita FNA.
- Orodha ya dawa zote unazotumia, zikiwemo za mitishamba na vidonge vya nywele na kucha.
- Barua ya rufaa na kadi ya bima, kama unayo.
- Daftari la kurasa chache. Utaona kazi yake katika hatua ya 4.

Hatua kwa hatua

1. Hakikisha kwanza kwamba unahitaji kutibiwa.

Vinundu vya thairoidi ni vingi mno kwa watu wazima, hasa wanawake, na vilivyo vingi si saratani. Kinundu kisicho saratani, kisichobana koo, kisichovuruga homoni wala kukukera kwa muonekano, mara nyingi huachwa na kuangaliwa tena kwa altrasaundi baada ya mwaka mmoja au miwili. Nimewaona watu wakiuza ng'ombe kutibu kitu ambacho daktari angewaambia wakiache. Jiulize: kinanisumbua nini hasa? Andika jibu katika daftari. Ukishindwa kuandika hata mstari mmoja, mpelekee daktari swali hilo kabla ya kumpelekea fedha.

Angalizo: usianze kujitibu kwa kunywa matone ya madini joto. Chumvi yenye madini joto ni kinga njema ya goita kwa jamii nzima, lakini haiyeyushi kinundu kilichokwisha kukomaa, na madini hayo yakizidi kwa mtu mwenye vinundu huweza kuifanya tezi itoe homoni kupita kiasi.

2. Pima TSH.

TSH ikiwa chini kuliko kawaida, huenda kinundu chenyewe ndicho kinachotengeneza homoni, na hapo daktari atabadilisha njia nzima ya uchunguzi na tiba. Hatua hii ni fupi ila ina mtego mmoja: vidonge vya nywele na kucha vyenye bayotini huweza kupotosha majibu ya maabara. Mwambie daktari, naye atakueleza uviache siku ngapi kabla ya kutolewa damu.

3. Pata altrasaundi moja iliyo kamili, badala ya tano zilizo pungufu.

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Mama mmoja kutoka Ukerewe aliwahi kunijia akiwa ameshuka na kivuko cha asubuhi. Alifungua fundo la khanga, akatoa karatasi tano zilizokunjwa hadi mikunjo imeanza kutoboka. Ya kwanza iliandikwa sentimita 3.2, ya pili milimita 28, ya tatu iliandikwa tu kwamba kuna uvimbe mkubwa kiasi.

"Shikamoo mama. Hiki ni kinundu kimoja au viwili?"

"Marahaba mwanangu. Mimi najua kimoja, ila karatasi zinabishana."

Kilikuwa kimoja. Mpimaji mmoja alikipima urefu, mwingine upana, na wa tatu hakukipima kabisa. Kwa hiyo, kabla hujashuka kitandani na kufuta jeli shingoni, omba ripoti yako iwe na mambo haya: urefu, upana na kina cha kila kinundu, kipo upande gani wa tezi, sehemu iliyo ngumu na iliyo na maji ni kiasi gani, kuna kalsiamu (madini magumu kama chokaa) ndani yake au hakuna, umbali kutoka kwenye ngozi hadi mwisho wa nyuma wa kinundu, na daraja lake katika mfumo wa TI-RADS, unaopima jinsi kinundu kinavyotia shaka. Kinundu cheusi kwenye picha, chenye kingo zilizokatikakatika, kilichosimama wima kuliko kilivyo kipana, au chenye vichembe vyeupe vidogovidogo, kinatia shaka zaidi. Tezi za limfu za shingoni nazo ziangaliwe palepale.

Umbali kutoka kwenye ngozi ndio unaosahaulika kuliko vyote, na kosa hilo nimelifanya mwenyewe. Niliandika ripoti nzuri ya kurasa mbili bila kipimo hicho, na mgonjwa akalazimika kurudi kutoka Sengerema kwa ajili ya namba moja. Siku hiyo sikumtoza kitu, lakini nauli na siku yake ya kazi sikuweza kumrudishia.

4. Kokotoa ujazo na uuandike.

Zidisha urefu kwa upana kwa kina, vyote vikiwa katika sentimita, kisha zidisha kwa 0.52. Jibu ni mililita. Kinundu chenye sentimita 3.2 kwa 2.4 kwa 2.0 kina ujazo wa mililita 8 hivi. Andika tarehe, vipimo vitatu na ujazo katika mstari mmoja wa daftari. Kuanzia leo, kila altrasaundi utakayopimwa itaongeza mstari mmoja.

Usipime kwa kioo wala kwa vidole. Shingo hubadilika kwa unene, kwa mkao, na hata kwa mwanga wa chumba.

5. Fanya kipimo cha sindano, na usubiri majibu yake kwa maandishi.

Majibu ya FNA hupangwa katika madaraja sita ya mfumo wa Bethesda. Unachohitaji ni daraja la pili, linalosema chembe si za saratani. Daraja la kwanza maana yake ni kwamba chembe zilizopatikana hazikutosha, kwa hiyo kipimo kirudiwe. Wengi hulisoma kama habari njema, na si habari njema wala mbaya, ni kwamba hakuna jibu. La tatu na la nne yana utata, yanahitaji mazungumzo na daktari bingwa. La tano na la sita huelekea upasuaji, na hapo mwongozo huu haukuhusu tena.

Vituo vingi vinavyotibu kwa joto hutaka majibu mawili tofauti ya daraja la pili kabla ya kukubali. Usikasirike ukiambiwa uchomwe sindano tena. Sababu umeshaisoma: baada ya tiba hakutakuwa na kipande cha nyama cha kuthibitisha.

Kama unatumia dawa za kuzuia damu isigande, mwambie daktari kabla ya sindano, na usiziache kwa uamuzi wako mwenyewe.

6. Linganisha kinundu chako na masharti ya mashine.

Si kila kinundu kisicho saratani kinafaa. Kinachofaa ni kigumu, au kina maji kidogo tu. Kinundu kilichojaa maji hunyonywa kwa sindano, na kikirudi hudungwa alkoholi maalumu, na hiyo ni tiba rahisi zaidi. Kina nacho kina mpaka: sehemu za kinundu zinazozidi takriban milimita 30 kutoka kwenye ngozi huwa nje ya uwezo wa mashine inayotumika kwa kazi hii. Kalsiamu nene nayo huyazuia mawimbi, kama ukuta wa mawe unavyozuia upepo wa ziwa.

Jambo gumu zaidi ni majirani wa kinundu. Nyuma ya tezi, karibu na mrija wa hewa na umio, inapita neva inayoendesha nyuzi za sauti, na kandokando kuna mshipa mkubwa wa damu. Daktari huacha milimita kadhaa za usalama kila upande, kwa hiyo kinundu kilichobanana na eneo hilo ama kitatibiwa nusu, ama hakitatibiwa kwa njia hii. Kilichoteremka nyuma ya mfupa wa kifua hakifikiki. Ukubwa pia una neno lake: vinundu vilivyo chini ya mililita 10 hupungua kwa asilimia kubwa kuliko vile vikubwa, kwa hiyo mwenye goita inayojaza shingo nzima asiwekewe matumaini haya.

Hupaswi kutibiwa ukiwa mjamzito. Ukiwa umewahi kupigwa mionzi shingoni, ukiwa na ndugu wa damu aliyeugua saratani ya thairoidi, au ukiwa na kovu la upasuaji au la chale za mganga mahali mawimbi yatakapopita, sema mapema. Nyuzi zako za sauti zichunguzwe pia kabla ya tiba, maana ikiwa za upande mmoja zilishapooza, hakuna daktari makini atakayehatarisha za upande wa pili.

7. Pata rufaa, kisha uulize kabla ya kusafiri.

Kwa watu wa Kanda ya Ziwa, njia ya kawaida hupitia hospitali ya wilaya au ya mkoa hadi Bugando, ambayo ni hospitali ya rufaa ya kanda. Peleka faili lako lote kwa daktari bingwa wa upasuaji, wa masikio, pua na koo, au wa homoni. Vituo vyenye mashine hii kwa ajili ya thairoidi ni vichache duniani, kwa hiyo usikate tiketi ya ndege kwa sababu ya video. Tuma kwanza ripoti na picha, usubiri jibu la maandishi kwamba kinundu chako kinafaa, na uulize maswali haya: mmeshatibu vinundu vingapi vya thairoidi kwa mashine hii? Gharama inajumuisha nini? Nikipata tatizo nikiwa nimesharudi nyumbani, nitampigia nani?

Uliza pia kuhusu njia nyingine. Ipo tiba ya sindano ya mawimbi ya redio, ambayo huunguza kinundu kwa joto kupitia ncha ya sindano. Imetumika kwa wagonjwa wengi zaidi, na ukishauriwa hiyo usidhani umepewa tiba ya daraja la chini. Upasuaji nao bado ndiyo njia pekee inayokiondoa kinundu chote siku hiyohiyo na kukipeleka maabara. Binafsi, kwa mtu anayeishi mbali na asiyeweza kurudi kwa ufuatiliaji, ningeuzungumzia upasuaji wa nusu ya tezi kabla ya kuzungumzia safari ya mbali.

Angalizo: mashine za kukanda misuli kwa mawimbi zinazotumika katika kliniki za mazoezi ya viungo si mashine hii. Wala altrasaundi ya kawaida haitibu, hata ukipimwa kila wiki.

8. Siku ya tiba.

Fuata maelekezo ya kufunga kula uliyopewa. Usipake krimu wala mafuta shingoni, vua mikufu na hirizi, na mwanamume anyoe ndevu za shingoni, kwa sababu viputo vya hewa vinavyonaswa kwenye nywele huweza kuiunguza ngozi. Uwe na mtu wa kukurudisha.

Utalala chali huku shingo imekunjwa nyuma juu ya mto. Utapewa ganzi au dawa ya kutuliza, lakini kwa kawaida hutalazwa usingizi kabisa, kwa sababu daktari anataka kukusikia ukiongea. Mkubaliane ishara ya mkono ya kusimamisha kazi. Kichwa cha mashine, chenye kifuko cha maji baridi kinachoipoza ngozi, kitagusa shingo. Mashine itapiga kwa sekunde chache, itapumzika ili joto lishuke, kisha itasogea na kupiga tena. Inaweza kuchukua zaidi ya saa moja. Maumivu yapo: watu husikia joto au kuchomwa kunakopanda hadi kwenye taya, jino au bega. Usijikaze kiume. Ukinyamazia maumivu makali unamnyima daktari onyo la kwanza kwamba amekaribia mahali asipotakiwa kufika. Usimeze mate wala kukohoa wakati mashine inapiga, subiri mapumziko.

9. Siku za mwanzo.

Kwa kawaida utarudi siku hiyohiyo. Shingo itavimba kidogo na kuuma kwa siku chache, na parasetamoli pamoja na kitambaa cha baridi hutosha. Usiendeshe gari wala pikipiki siku hiyo kwa sababu ya dawa ya kutuliza, na usikubali kukandwa shingo na mtu yeyote.

Kabla ya kuondoka, dai muhtasari wa tiba kwa maandishi: tarehe, kinundu kipi kimetibiwa, upande gani, na sehemu ipi iliachwa. Karatasi hii ni muhimu kuliko risiti.

10. Ufuatiliaji.

Panga altrasaundi baada ya miezi 3, 6 na 12 au kama ulivyoelekezwa, ikiwezekana kwa mpimaji yuleyule, na TSH ipimwe tena. Kila mara kokotoa ujazo. Kupata asilimia ya upungufu, toa ujazo wa leo katika ujazo wa mwanzo, gawanya kwa ujazo wa mwanzo, zidisha kwa 100. Matokeo ya kuridhisha ni kupungua kwa nusu au zaidi. Wengi hufika hapo karibu na mwezi wa sita, na kupungua huendelea baadaye.

Mambo yanapokwenda kombo

Sauti imekwaruza au imefifia. Neva ya sauti huenda imeguswa na joto. Toa taarifa kwa kituo siku hiyohiyo, uchunguzwe koo. Kwa walio wengi sauti hurudi ndani ya wiki kadhaa. Ikiambatana na kupumua kwa shida au kupaliwa na maji, ni dharura.

Ngozi imekuwa nyekundu au imetoa malengelenge. Wekundu hupungua wenyewe. Malengelenge yaonwe na muuguzi. Usipake dawa ya meno, asali wala mafuta ya taa.

Kope la jicho moja limelegea na mboni ya jicho hilo imekuwa ndogo kuliko ya pili. Ni nadra, lakini ni dalili ya neva nyingine ya shingo kuguswa. Usisubiri miadi.

Nimefikisha miezi sita na bado nakigusa. Rudi kwenye daftari. Kile kinundu cha mililita 8, kikiwa sasa na sentimita 2.5 kwa 1.9 kwa 1.6, kina mililita 4 hivi. Urefu umepungua kwa chini ya sentimita moja, na kidole hakioni tofauti, lakini nusu ya kinundu imeondoka.

Kilipungua, sasa kinakua tena. Mara nyingi ni ile sehemu iliyoachwa pembeni kwa usalama. Inaweza kutibiwa tena, ila sehemu inayokua ichukuliwe chembe kwa sindano kwanza.

Ripoti mpya inasema kinundu kinatiliwa shaka ya saratani. Hili huwatisha watu kuliko yote, na mara nyingi chanzo chake ni karatasi iliyoachwa nyumbani. Kinundu kilichounguzwa huonekana cheusi, chenye kingo zilizokatikakatika, na wakati mwingine chenye kalsiamu. Yaani hufanana sana na zile dalili za shaka nilizozitaja katika hatua ya 3. Mpimaji asiyeambiwa kwamba kilitibiwa ataandika anachokiona, na ana haki. Hata maabara inayopokea chembe zake inapaswa kuelezwa. Rudi kwa mpimaji huyo na muhtasari wa tiba, picha za kabla na daftari lako, na umwombe alinganishe: kikiwa kinaendelea kupungua katika kila mstari, atakuwa na sababu ya kuibadilisha ripoti; kikiwa kimekua, mwende naye kwa daktari mkapange kipimo cha sindano wiki hiyohiyo.